Mashine Mbili na Wanaotuletea Bidhaa
Mazungumzo ya Kamati ya Ununuzi mbele ya wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi



Tumepewa dakika ishirini, na Bi Mwenyekiti ametuonya kwamba pilau haingoji. Habari za akiba, hisa na mikopo zitaelezwa na Mama Mweka Hazina, ambaye anazijua hata usingizini. Sisi wa Kamati ya Ununuzi tumeombwa tuzungumze juu ya zile mashine zetu mbili, ya maziwa na ya mafuta ya kupikia, na hasa juu ya wale wanaotuletea vitu vya kutia ndani yake. Watu wengi wakipita dukani huisifu mashine. Wanaiona inang'aa, mtoto anakuja na chupa na shilingi zake ishirini, anabonyeza, maziwa yanatoka kwa kipimo. Lakini mashine haina ng'ombe. Ikitiwa maziwa mazuri itatoa mazuri, ikitiwa mabaya itatoa mabaya, tena yakiwa baridi na ya kuvutia. Kazi yetu kubwa ni kuchagua nani atuletee, na leo kuna jambo la kuamua ambalo tutalifikia.

Tukumbushane kidogo. Wale wenye umri wetu mnakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, yale ya pakiti za pembetatu. Siku hizo mjini hapakuwa na swali la kuchagua mwuzaji. Maziwa halali ya mjini yalikuwa ya KCC, basi. Soko likafunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo kila mtu mwenye keni na baiskeli aweza kuja mlangoni pako akasema ana maziwa. Uhuru huo ni mzuri, ila umetuletea kazi ambayo mama zetu hawakuwa nayo, ya kuuliza na kupima.

Sasa tuanze na maziwa, kwa sababu ndiyo yenye visa.

Sisi tuko Likoni. Anayeleta maziwa kutoka bara, Nairobi yenyewe ikiwa karibu kilomita 480 kutoka hapa, akishamaliza safari hiyo yote bado ana feri mbele yake. Mnaijua feri yetu. Siku nyingine unavuka kwa dakika chache, siku nyingine gari linakaa foleni hadi dereva analala. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe wapo wanaozunguka, lakini huo nao ni mwendo, na mafuta ya gari si bure. Wewe ukiwa na nguo au sufuria, saa mbili za foleni ni uchovu tu. Ukiwa na maziwa, katika joto hili letu, saa mbili ni hasara. Maziwa yanatakiwa yakae kwenye digrii 4 hivi, na kila yanapopata joto vijidudu vinazaana haraka. Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa kila aliyetaka kutuletea halikuwa bei. Tulimwuliza: maziwa yako yanavuka maji au hayavuki? Na yakivuka, yamo ndani ya nini?

Hapo ndipo tulipowatazama wafugaji wa upande wa Kwale, walio upande wetu huu huu wa maji. Wana ushirika wao mdogo, na wana pipa lao la kupashia maziwa moto kwa kipimo: digrii 63 kwa nusu saa nzima, kisha yanapozwa. Jambo hili tunalisema kwa mkazo kwa sababu bado tunaulizwa mtaani: "Si mashine inachemsha?" Haichemshi, jamani. Mashine yetu inapoza na kupima tu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba homa ya brusela na hata kifua kikuu cha ng'ombe, na mashine itakupa ugonjwa huo kwa lita kamili. Ndiyo maana hatupokei maziwa mabichi, hata ya mtu tunayemfahamu, hata ya shemeji. Bodi ya Maziwa ya Kenya nayo inataka leseni kwa anayeuza, na anayetuletea tunamtaka aonyeshe yake kabla hatujazungumza habari ya pesa.

Karatasi peke yake haitoshi, lakini. Kila asubuhi, kabla keni halijamiminwa, yuko mwanachama wa zamu anayepima. Tunaeleza hapa kwa urefu kwa sababu tunataka kila mwanachama ajue, si kamati tu.

Kipimo cha kwanza ni laktomita, ile chupa ndogo ya kioo inayoelea. Maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 32. Ukitia maji inazama, inasoma chini. Maziwa ya 30, yakitiwa maji sehemu moja katika kumi, husoma kama 27. Lakini angalia: laktomita yetu imetengenezwa kwa maziwa ya digrii 20. Maziwa yakiwa na joto zaidi husoma chini kidogo bila mtu kuyachezea, kwa hiyo kwa kila digrii moja ya ziada unaongeza 0.2. Siku za mwanzo kuna mwuzaji mmoja aliyetaka kuondoka kwa hasira akidai tumemwita mwizi, kumbe maziwa yake yalikuwa na joto tu, nasi tukamwonyesha hesabu hiyo, akakaa, akanywa chai. Bila themomita, laktomita inaweza kuvunja urafiki.

Na laktomita yenyewe hudanganywa. Mafuta ya maziwa ni mepesi; ukiyaengua, maziwa yaliyobaki husoma juu. Sasa mjanja anaengua malai akauze kwingine, halafu anatia maji, na laktomita inarudi palepale 30 kama hakuna kilichotendeka. Wengine hutia sukari au unga kuyapa uzito. Hivyo ndivyo alivyotufanyia mchuuzi mmoja, ambaye hatumtaji. Kila siku kipimo chake safi, na kila siku wateja wanatuambia chai haishiki rangi, ati "maziwa yenu ni meupe tu". Tulipopeleka sampuli ipimwe mafuta, ikaonekana hayafiki kiwango. Tuliagana naye siku hiyo hiyo. Tangu hapo anayetuletea hupimiwa mafuta pia, si kila siku, ila bila kuambiwa ni siku gani.

Kipimo cha tatu ni cha spiriti. Unachukua maziwa kidogo na spiriti ya nguvu ya 70 kwa mia, kiasi sawa na sawa, unatikisa. Yakifanya chembechembe, yameanza kuchacha, hata kama pua haijajua. Hayo yangekatika sufuriani mwa mteja, na mteja aliyekatikiwa na maziwa mbele ya wageni hasahau.

Cha nne ni chetu wenyewe, cha kina mama, na hakihitaji chupa. Tunachukua kikombe cha maziwa, tunatia kijiko cha mtindi wa jana, tunaacha. Maziwa mazuri yatalala. Yasipoganda tunaanza kushuku: aidha ng'ombe alidungwa dawa na mwenyewe hakungoja siku zilizoandikwa kwenye dawa hiyo, aidha kuna mtu ametia dawa ya kuzuia yasichache. Vyote viwili vinaua vile vijidudu vizuri vya mtindi. Hatumshtaki mtu kwa kikombe kimoja, ila tunaenda kumtembelea. Kutembelea kuna faida kubwa. Ukifika kwa mtu bila taarifa unaona keni zake zinaoshwa na maji gani, na zinaanikwa wapi.

Sasa bei. Na hapa kina mama tuwe macho, maana bei ndiyo inayotupofusha.

Kwanza muulize mwuzaji: unauza kwa kilo ama kwa lita? Linaonekana swali la kitoto. Lakini lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03. Ukinunua kilo 100, ukimimina kwenye mashine utapata kama lita 97. Mashine inauza kwa lita. Zile lita tatu hukuibiwa, ila pia hukupewa. Wapo waliotuletea bei ya kilo iliyoonekana ndogo, tulipoigeuza kuwa ya lita ikawa sawa na ya jirani yake.

Pili, hesabu ya kinachobaki. Tuchukue mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Mwuzaji wa kwanza anataka shilingi 90 kwa lita, na katika lita zake 100 tunauza 97, zile tatu zikiwa za kupima na kumwagika. Wa pili anataka 86, lakini maziwa yake hayakai, na katika 100 tunauza 92. Tukiuza kwa 110, wa kwanza tunamlipa 9,000 tukiuza kwa 10,670, zinabaki 1,670. Wa pili tunamlipa 8,600, tukiuza kwa 10,120, zinabaki 1,520. Yule wa bei nafuu ametupunguzia shilingi 150, na hapo hatujahesabu mteja aliyekwenda na hakurudi. Wala hatujahesabu siku asiyokuja kabisa. Siku ambayo mashine ni tupu, kodi ya chumba inaendelea, stima inaendelea, na msichana wa dukani anataka haki yake.

Kwa hiyo kamati inaweka daftari mbili. La kwanza ni la bei na malipo. La pili, na hili ndilo tunalolitazama zaidi, ni la kufika: siku gani alikuja, saa ngapi, lita ngapi aliahidi, ngapi alileta, joto lilikuwa ngapi. Mwisho wa mwezi daftari hilo linasomwa mbele ya mwenyewe. Halina matusi wala maneno mengi, lina namba tu, na wengi wakisomewa hujirekebisha.

Wageni wetu labda hawajui kwamba maziwa yana misimu kama maembe. Kuanzia Januari hadi masika yaingie, majani yanakauka, ng'ombe wanapungua maziwa, na kila mtu anayatafuta. Masika ikikolea, maziwa yanajaa mpaka wachuuzi wanatufuata kwa bei ya kutupa. Tukafanya uamuzi ambao baadhi yenu hamkuupenda wakati ule. Masika tulikataa maziwa ya wachuuzi, tukaendelea kuchukua lita zetu 80 za kila siku kutoka Kwale kwa bei tuliyoandikiana. Mama mmoja hapa alisimama mkutanoni akasema kamati inatupa pesa za watu. Hakukosea kuuliza, ni pesa zake. Kiangazi kilipofika, ushirika ule ulikuwa na maziwa machache, na wanunuzi waliokuja na bei kubwa walikuwa wengi. Wakatuletea 60 kila siku. Si 80, lakini 60, siku zote za kiangazi. Mashine za jirani zetu wawili zilikaa zimezimwa.

Na Ramadhani ina hesabu yake. Uji wa futari, chai ya daku, maziwa yanahitajika kuliko siku zote, na saa ni zile zile mbili. Tunawaambia Kwale mwezi mzima kabla. Ramadhani ikiangukia kiangazi, kama ilivyokuwa miaka hii ya karibuni, tunawaambia miezi miwili kabla, nao wanapanga.

Mafuta ya kupikia hayatachukua muda, maana hapa Mombasa sisi ni wenyeji wa mafuta. Mafuta ya mawese yanashuka bandarini kutoka Malaysia na Indonesia na kusafishwa viwandani humu humu, kwa hiyo mwuzaji hapungui. Hatari ni nyingine: mtungi usio na muhuri. Sheria ya Kenya tangu mwaka 2012 inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, na anayekuuzia mafuta ya pipa yasiyo na jina huwezi kujua kama yametiwa, wala kama jana hayakuwa yakikaangia viazi. Sisi tunapokea mitungi iliyofungwa, yenye alama ya KEBS, yenye namba ya toleo, na namba hiyo tunaiandika. Mitungi haikai juani, mwanga na joto huiharibu vitamini hiyo. Basi, mafuta ni hayo.

Vyombo pia ni bidhaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na wateja wengi huja na chupa zao. Kwa wasio nazo tunauza chupa mpya, kutoka kwa mtu anayeweza kutuonyesha kwamba ni za chakula. Chupa zilizookotwa na kuoshwa tumezikataa, ijapokuwa vijana walioleta ni wa kwetu na wanahitaji kazi. Tuliwapa kazi nyingine ya kubeba.

Tuseme na neno la jamaa. Kikundi hiki ni cha wanawake themanini na kidogo, na kila mwanamke ana kaka, ana mume, ana mkwe. Maombi ya "mchukueni huyu wangu" hayaishi. Kanuni yetu ni fupi: mwanachama ambaye yeye au mtu wa nyumbani kwake anatuuzia kitu chochote hakai kwenye Kamati ya Ununuzi, na siku bei yake inapozungumzwa anatoka nje. Wawili walijiuzulu kwa ajili hiyo, kwa heshima, na mmoja wao sasa anatuuzia chupa. Tunasalimiana vizuri tu.

Sasa lile jambo lililobaki.

Mnajua tunataka mashine ya pili ya maziwa, karibu na kivuko, wanakopita watu asubuhi na jioni. Imekuja kampuni, nayo hatuitaji jina hapa kwa sababu mazungumzo hayajaisha, inasema itatupa mashine hiyo bila kulipa hata senti. Masharti yake ni matatu: tununue maziwa kwao peke yao, kwa mashine zote mbili, kwa miaka mitatu, tulipie lita 70 kila siku kwa ile mashine mpya, ziuzwe zisiuzwe, na tukivunja mkataba tulipe gharama ya mashine yote.

Ndani ya kamati hatukukubaliana, na tunaona ni haki mjue hivyo. Wengi wetu tunaukataa mkataba kama ulivyoandikwa. Mashine mpya huanza polepole. Tukiuza lita 40 tu kwa siku katika miezi ya mwanzo, zile 30 zilizobaki, kwa mfano wetu wa shilingi 90, ni 2,700 kwa siku na 81,000 kwa mwezi. Hata tukigandisha nusu kuwa mtindi na tukauza wote, nusu nyingine ni hasara tupu. Mkataba haukusema lolote juu ya siku ambayo wao hawataleta. Maziwa yao yanavuka maji. Na Kwale tutawaaga, wale wa lita 60 za kiangazi.

Lakini wawili katika kamati wanasema, na wana hoja, kwamba Kwale hawawezi kulisha mashine mbili. Kiangazi hawakutosha hata moja. Tukingoja mpaka ng'ombe wao waongezeke, mwingine atachukua pale kivukoni, na pahali pale hapapatikani mara mbili. Wanasema twende tukajadiliane: mwaka mmoja badala ya mitatu, lita za lazima zianze baada ya miezi sita, mashine ya zamani ibaki na Kwale, na siku wasipoleta tuwe huru kununua kwingine. Wengi wetu tulipoyasikia masharti hayo tulilegea kidogo. Kama kampuni itayakubali kwa maandishi, kamati nzima itaunga mkono. Isipoyakubali, kamati inawaomba mkatae, tuweke akiba tununue mashine yetu wenyewe, hata ikichukua miezi kumi na minane.

Kura itapigwa kwenye mkutano mkuu wa mwezi ujao, kwa karatasi, si kwa mikono. Nakala ya mkataba iko kwa Bi Katibu, na nyingine imebandikwa dukani nyuma ya mlango. Umeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kwa hiyo Jumamosi mbili kabla ya mkutano, saa kumi jioni baada ya kuhesabu akiba, tutausoma kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili. Njooni na maswali. Wenye zamu ya kupima wiki hii wasisahau kwamba spiriti imekaribia kwisha.